Ugonjwa wa Haya: Watoto Wanaojichafua, na Majina Waliyopewa na Waganga

Kuna ugonjwa ambao wazazi huutaja kwa sauti ya chini, tena mlango ukiwa umefungwa. Mtoto amekwisha kutimiza miaka saba au minane, anasoma, anajua kuhesabu, sala zake zote anazijua, na bado anachafua nguo zake kwa haja kubwa. Si usiku kitandani kama yule anayekojoa, bali mara nyingi ni mchana, akicheza, akitoka shuleni, hata akiwa kanisani katikati ya wenzake. Mama anafua kwa siri. Baba anakata fimbo. Watoto wengine wanaziba pua na kumtungia jina. Na yeye mwenyewe akiulizwa anajibu: Sikusikia kitu. Wala hakuna anayemsadiki.

Tunataka kuwaeleza wasomaji wetu kwamba mara nyingi mtoto huyo anasema kweli. Tena tunataka kuonyesha kwamba waganga wenyewe, pamoja na elimu yao yote, walichukua muda mrefu sana kabla ya kumsadiki. Habari hiyo inaonekana vizuri katika majina waliyoupa ugonjwa wake. Maana jina la ugonjwa si kitu kidogo. Jina linasema nani ana kosa.

Zamani ugonjwa huo haukuwa na jina. Katika Ulaya waganga waliandika mapema juu ya watoto wanaokojoa kitandani. Mwingereza Thomas Phaer, aliyetunga kitabu juu ya magonjwa ya watoto katika miaka ya 1540, aliweka humo sura nzima ya kukojoa kitandani. Dawa zake tunaweza kuzicheka: alishauri unga wa koo la jogoo, na vitu vingine vya namna hiyo. Lakini walau alikuwa na sura yake, na watu walikuwa na neno lao, kama sisi nasi tulivyo na neno kikojozi. Juu ya haja kubwa vitabu vilinyamaza muda mrefu. Nafikiri sababu ni ileile ya kufunga mlango: mkojo unachekesha, haja kubwa inatia haya.

Katika karne ya 19 mambo yalianza kubadilika, kwa kuwa hospitali za watoto zilikuwa zimejengwa katika miji mikubwa, na waganga waliweza kuwatazama watoto wengi mahali pamoja. Mwaka wa 1882 mganga mmoja wa Marekani, Fowler, aliandika juu ya watoto wasioweza kuzuia haja kubwa. Hakutunga neno jipya. Alisema tu kile alichokiona. Miaka minne baadaye, yaani mwaka wa 1886, mganga wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, alisimama mbele ya waganga wenzake mjini Berlin akaeleza habari za watoto wawili wa kiume waliokufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Tangu kuzaliwa hawakuweza kupata choo vizuri, matumbo yao yalivimba sana, na baada ya kufa utumbo wao mpana ulionekana umetanuka kupita kiasi. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Hirschsprung aliona utumbo uliotanuka akafikiri hapo ndipo penye ugonjwa. Kumbe ugonjwa ulikuwa chini yake, katika kile kipande chembamba kilichoonekana kizima. Mnamo mwaka wa 1948 ilithibitika kwamba kipande hicho hakina chembe za fahamu zinazousukuma utumbo, na mwaka huohuo Orvar Swenson, wa mji wa Boston huko Marekani, alieleza operesheni ya kukikata kipande kile kibovu na kuushusha ule mzima. Watoto ambao zamani wangezikwa waliweza kupona. Tunaitaja habari hii kwa sababu inafundisha jambo moja: macho yalitazama panapoonekana, na ugonjwa ulikuwa pasipoonekana.

Lakini watoto wengi wanaojichafua hawana ugonjwa wa Hirschsprung. Ugonjwa ule ni wa nadra, nao huanza tangu kuzaliwa. Hao wengine wana utumbo wenye fahamu zake zote, walizaliwa wazima, walikula, walikua. Basi kwa nini wanajichafua?

Mwaka wa 1926 mganga mmoja, Weissenberg, aliandika makala kwa Kijerumani akatunga jina. Kukojoa kitandani kulikuwa kumekwisha kupewa jina la Kigiriki, enurezi. Yeye akafuata mfano huo, akachukua neno la Kigiriki kopros, ambalo maana yake ni mavi, akatengeneza neno enkopresi. Kwa Kifaransa, katika karatasi za hospitali zetu, linaandikwa encoprésie. Kwa neno hilo alitaka kuwataja watoto wanaochafua nguo bila ugonjwa wowote unaoonekana katika viungo vya mwili.

Tazameni sasa. Neno hili lilikuwa na faida: ugonjwa uliofichwa ulipata mlango wa kuingilia vitabuni. Lakini ndani yake mlikuwa na hatari. Mganga akisema viungo havina ugonjwa, watu wanasikia nini? Wanasikia kwamba ugonjwa uko katika moyo wa mtoto. Na kama uko moyoni, basi ni ukaidi, au ni uvivu, au ni ubaya.

Wakati uleule mafundisho ya Sigmund Freud wa Vienna yalikuwa yameenea. Tangu mwaka wa 1905 yeye alikuwa akifundisha kwamba namna mtoto anavyojifunza kutoa na kuzuia haja yake inaacha alama katika tabia yake. Waganga wengi walioshika mafundisho hayo waliona katika nguo chafu vita kati ya mtoto na mama yake. Mwaka wa 1957 James Anthony, katika Uingereza, aliwagawanya watoto hao katika aina mbili: wale ambao hawakupata kuwa safi hata siku moja, na wale waliokuwa safi halafu wakarudi nyuma. Mgawanyo huo ni mzuri, nasi tunautumia mpaka leo, maana swali la kwanza kwa mama ni lilelile: Je, mtoto huyu alipata kuwa safi kwa miezi kadhaa, ama hapana? Lakini maelezo yaliyofuata yalikuwa mazito kwa akina mama. Mtoto wa aina ya kwanza, walisema, mama yake hakumfundisha vya kutosha. Mtoto wa aina ya pili, mama yake alimfundisha kwa ukali mno. Mama akilegeza ana kosa, mama akikaza ana kosa. Sisi tunaona kwamba baba alipona kwa urahisi sana katika hesabu ile.

Hata hivyo kulikuwa na waganga waliotia mkono juu ya tumbo la mtoto kabla ya kutoa hukumu. Mwaka wa 1954, katika Marekani, Richmond na wenzake waliandika juu ya watoto ambao kujichafua kwao kulikwenda pamoja na utumbo uliotanuka kwa wingi wa choo. Baadaye Murray Davidson naye alitibu watoto wa namna hiyo kwa kuwapa mafuta ya kulainisha choo, kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu. Wengi walipata nafuu. Na kama mafuta yanaweza kuponya, basi ukaidi uko wapi?

Hapa inatupasa kusimama kidogo tueleze jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya mwili, maana asiyeelewa jambo hili ataendelea kupiga.

Mwanzo ni mdogo sana. Mtoto alipata homa, hakunywa maji, choo kikawa kigumu. Au aliachishwa ziwa na kubadilishiwa chakula. Au alianza shule, na choo cha shule ni kichafu, hakina mlango, wakubwa wanachungulia. Basi anajizuia tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Siku moja anatoa choo kigumu, kinamuumiza, pengine kinampasua na kutoa damu kidogo. Mtoto hasahau. Siku ya pili haja ikija anaikataa. Anasimama kwa vidole vya miguu, anabana mapaja, anajificha nyuma ya mlango, uso unakuwa mwekundu na jasho linamtoka. Mama akimwona anafikiri kwamba anajikamua ili atoe. Sivyo. Anabana ili asitoe.

Sasa kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Choo kikikaa humo kinaendelea kunyonywa maji, kinazidi kuwa kigumu na kikubwa. Kinachofuata kinaumiza zaidi, na mtoto anazidi kuogopa. Wiki zinapita. Utumbo wa mwisho unatanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, nyama zake zinalegea, na fahamu zinazopaswa kutoa habari kwamba umejaa zinachoka, hazitoi habari tena. Kisha choo kipya kinashuka kutoka juu, nacho bado ni laini kama uji. Kinakuta njia imezibwa. Kinafanya kama maji ya mto yanayokuta jiwe: kinapita pembeni, kinavuja chini, na nguo inachafuka. Mtoto hakusikia haja, maana fahamu zimelala. Hakuamua kitu. Na pua yake imekwisha kuzoea harufu, hivi hata harufu ambayo darasa zima linaisikia yeye haisikii. Ndiyo maana anasema: Sikusikia kitu.

Jambo hili linadanganya watu wengi. Mama anaona uji mwembamba katika nguo, anasema mtoto anaharisha. Anatafuta dawa ya kufunga tumbo. Dawa inafunga, jiwe linakua. Ugonjwa ni wa kufunga choo, nao umevaa nguo za kuharisha.

Mwaka wa 1966, katika Sweden, Maj Bellman alitoa hesabu iliyojulikana sana. Aliulizia habari za watoto wa miaka 7 na 8 wa mji wa Stockholm. Katika kila watoto 100 alikuta karibu mmoja na nusu, na wavulana walikuwa zaidi ya mara tatu kuliko wasichana. Stockholm si Bukavu wala Lubumbashi, nasi hatutaki kuhamisha hesabu kama mtu anavyohamisha kiti. Lakini hesabu ile iliwaambia wazazi wa Sweden kitu walichohitaji kusikia: katika shule ya watoto 200 wa umri huo, pengine watatu wana shida hiyo, na kila nyumba ilikuwa ikifikiri iko peke yake. Mwaka wa 1975 huko Boston zilitolewa habari za watoto 102 waliotibiwa kwa ugonjwa huo. Walio wengi walikuwa na choo kilichokwama, na wengi hawakuwa na ugonjwa mkubwa wa akili.

Mtu angefikiri kwamba sasa jina lingebadilika upesi. Halikubadilika. Mwaka wa 1980 chama cha waganga wa magonjwa ya akili cha Marekani kilitoa kitabu chao cha majina ya magonjwa, toleo la 3, na enkopresi ikawekwa humo. Walisema ni mtoto wa miaka 4 au zaidi anayetoa choo mara kwa mara mahali pasipofaa, ama kwa kutaka ama bila kutaka. Ama kwa kutaka ama bila kutaka! Neno moja linawafunga kamba moja mtoto anayevujwa bila kusikia na yule mmoja katika wengi ambaye, kwa hasira au kwa uchungu wa moyo, anafanya makusudi. Mwalimu akiambiwa kwamba mwanafunzi wake ana ugonjwa wenye jina hilo, atajuaje ni yupi? Katika toleo la 4, mwaka wa 1994, walitenga aina mbili: enkopresi yenye kufunga choo na kuvuja, na enkopresi isiyo na kufunga choo. Hapo mambo yalianza kunyooka.

Waganga wa matumbo ya watoto hawakuridhika. Wao walikuwa na mikutano yao, ile inayojulikana kwa jina la Roma kwa kuwa ilianzia katika mji huo. Msomaji asidhani kwamba Baba Mtakatifu alitoa amri juu ya utumbo. Mwaka wa 1999 mikutano hiyo iliweka kwa mara ya kwanza kanuni juu ya matumbo ya watoto. Halafu wataalamu waliokutana Paris, pamoja na Marc Benninga wa Amsterdam, walitoa maneno yao mwaka wa 2005. Walisema: tuache neno enkopresi, tuache pia maneno ya kusema mtoto anajichafua. Tuseme tu kwamba mtoto hawezi kuzuia choo. Kisha tuseme kama choo kimekwama ndani au hakikukwama. Mwaka wa 2006 kanuni za Roma zilifuata njia hiyo.

Wengine watasema: haya ni maneno ya wasomi, yanamsaidia nini mama anayefua? Sisi tunaona kwamba yanamsaidia. Anayejichafua ametenda kitu. Asiyeweza kuzuia amekosa nguvu. Wa kwanza unamuuliza kwa nini amefanya. Wa pili unamuuliza anaumwa wapi. Katika Kiswahili chetu nasi tunasema anajinyea, anajichafua, na ile -ji- katikati ya neno inamrudishia mtoto kazi ambayo hakuifanya. Sisi wenyewe tumetumia neno hilo katika kichwa cha makala haya, kwa kuwa ndilo linalojulikana na kila mtu. Lakini mbele ya mtoto ni afadhali kusema: choo kinamponyoka.

Basi mtoto wa namna hii atibiwe namna gani? Kwanza utumbo utolewe ule mzigo uliokwama. Siku hizi waganga hutumia zaidi unga uitwao makrogoli, unaochanganywa na maji na kunywewa. Pasipopatikana, iko laktulosi na dawa nyingine. Kipimo ni kazi ya mganga au ya sista wa dispanseri. Tumewaona wazazi wanaomtia mtoto maji ya pilipili kwa nyuma. Tunawaomba waache kabisa. Mtoto huyu amekwisha kuogopa maumivu ya mahali pale; ukimtia moto hapohapo utakuwa umemfundisha kubana zaidi, na utumbo wenyewe unaweza kupata vidonda.

Mzigo ukiisha kutoka, wazazi wengi wanaacha dawa. Hilo ndilo kosa linalorudisha ugonjwa. Mfuko uliotanuka kwa mwaka mzima haurudi katika kipimo chake kwa wiki moja. Dawa ya kulainisha choo inaendelea miezi, na kupunguzwa kwake kunakwenda polepole. Pamoja na dawa, mtoto akalishwe chooni kila siku baada ya kula, dakika tano au kumi, kwa kuwa chakula kinapoingia tumboni utumbo wa chini nao unaamka. Miguu yake isining'inie. Iwe na mahali pa kukanyaga. Akiogopa shimo la choo, naye ni mdogo, apewe chombo chake mwenyewe. Maji ya kunywa, maharagwe, sombe, lengalenga, papai, vyote vinafaa, ingawa chakula peke yake hakiwezi kuondoa jiwe lililokwisha kukaa. Na fimbo iwekwe mbali. Mtoto akichafua, asaidie kufua kama anavyosaidia kazi nyingine, bila matusi. Akifaulu, asifiwe. Mwalimu naye amruhusu kutoka darasani bila kunyosha mkono mara tatu.

Mambo mengine hayangoji. Mtoto mchanga asiyetoa choo chake cha kwanza kwa siku mbili baada ya kuzaliwa, hasa tumbo likivimba au akitapika majani, apelekwe hospitali mara moja. Huenda ni ule ugonjwa wa Hirschsprung. Vilevile mtoto mwenye miguu dhaifu, au mwenye uvimbe au shungi la nywele chini ya mgongo, atazamwe uti wake wa mgongo. Na mtoto aliyekuwa safi kwa miaka, halafu akabadilika ghafula baada ya vita, kukimbia makao, kifo nyumbani, au baada ya kubaki peke yake na mtu fulani, aulizwe kwa upole, na mtu anayemwamini. Huenda alitendewa jambo ambalo hana maneno ya kulisema.

Wako pia watoto wachache ambao tumbo lao halikujaa hata kidogo, na bado choo kinawaponyoka. Dawa ya kulainisha haiwasaidii hao. Inaweza hata kuwazidishia. Wao wanahitaji saa za choo zisizobadilika, na mtu wa kuzungumza nao kwa uvumilivu, tena kwa muda mrefu.

Na jina je? Halijafa. Kitabu kipya cha majina ya magonjwa cha Shirika la Afya Ulimwenguni, kilichoanza kutumika mwaka wa 2022, bado kina neno enkopresi, na chini yake kimeandika zile aina mbili: yenye kufunga choo na kuvuja, na isiyo na kufunga choo. Kwa hiyo mzazi anaweza kupewa karatasi yenye neno la Weissenberg, au karatasi yenye maneno ya Paris, kwa mtoto yuleyule mmoja. Asisumbuke na neno. Amuulize mganga swali moja tu: Je, tumbo lake limejaa, ama halikujaa? Mara nyingi mganga atamlaza mtoto chali, ataweka mkono chini ya kitovu upande wa kushoto, atabonyeza taratibu, na jibu atalisikia kwa vidole.